Jina la Mama wa Mtondoni

Hapo zamani, zama ambazo mtu hakuoa, hakuchimba msingi wala hakunyoa ndevu kabla ya kuulizia nyota yake, palikuwa na nchi iitwayo Mtondoni, na mtawala wake alikuwa Sultani Hamdani. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, maana wapo wabaya kumshinda, ila alikuwa na maradhi mawili: kijicho na makufuli. Kila alichokipenda alikitia kufuli, na asichokipenda alikitia kufuli vilevile. Funguo zote alizivaa mshipini, nazo zikawa zinalia kila anapopiga hatua, hata watu wakajua yuko wapi bila ya kumwona.

Basi siku moja alifika mgeni akamhadithia kuwa mfalme wa nchi jirani ameipigia nchi yake falaki tangu saa iliyozaliwa, na nyota zake zimechorwa ukutani kwa dhahabu, nyumba kumi na mbili, kila nyumba na habari yake. Sultani Hamdani hakuumaliza wali wake. Akamwita mnajimu wake, Maalimu Taufiki, akanena, "Yule kibogoyo nchi yake ina nyota, yangu mimi haina? Nataka nyota ya Mtondoni kabla ya Ijumaa."

Maalimu Taufiki alikuwa mtu wa elimu, lakini pia alikuwa baba wa watoto tisa, na kwa ajili hiyo alikuwa amejifunza kuusoma uso wa Sultani kuliko alivyozisoma mbingu. Alijua kuwa chini ya dirisha la chumba cha Sultani pana kisima cha Mtaa wa Chini, na kwamba kila alfajiri wanawake hukutana pale na ndoo zao, wakasengenya, wakacheka, wakagombana, wakapatana, na Sultani akageuka kitandani na kujifunika mto. Siku nyingi Sultani alitamani kukifunga kisima kile, ila hakupata sababu ya kuisema mbele za watu.

Ijumaa ikafika. Watu wakakusanywa uani mwa kasri, nguo nyeupe ikatandazwa, na juu yake duara la nyota. Maalimu Taufiki akakohoa, akasema, "Enyi watu wa Mtondoni! Nchi yenu ilizaliwa siku ile babu yake Mwinyi wetu Sultani aliposhuka hapa akachomeka fimbo yake ardhini, jua likiwa utosini. Saa hiyo nyota iliyopanda ilikuwa Simba, nyota ya moto na enzi. Lakini mkabala wa Simba, katika nyumba ya maadui, imekaa nyota ya Ndoo. Basi adui wa nchi hii ni ndoo, na kisima ndicho kambi yake."

Sultani akashusha pumzi kama mtu anayeisikia habari hiyo mara ya kwanza. Akasema, "Masikini nchi yangu! Kisima cha Mtaa wa Chini kitiwe mfuniko na kufuli leo hii, na siku ya saba kijazwe mawe."

Wanawake wakatazamana. Maji mengine yalikuwa mtoni, na mto ulikuwa mbali; anayetoka asubuhi hurudi adhuhuri, na mtungi wa pili hurudi nao machweo. Nani atapika, nani atalima, nani atamwogesha mtoto, hilo duara halikusema. Wakanong'ona tu, kwa kuwa walinzi walikuwa na mikuki.

Ndipo sauti ikatoka juu. Huyo alikuwa Feruzi, fundi wa kuezeka, mtu asiye na mbele wala nyuma, ambaye siku ile alikuwa juu ya paa la banda la farasi, miguu inaning'inia. Watu walimwita mwendawazimu kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza. Akasema, "Maalimu, uniwie radhi. Uliponipigia falaki nilipotaka kuoa, jambo la kwanza uliniuliza jina la mama yangu."

"Naam, ndiyo kanuni," akasema Maalimu. "Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake, yakahesabiwa pamoja, ndipo nyota yake hujulikana. Baba huambiwa tu, lakini mama kila mtu alimwona."

"Basi Mtondoni mama yake nani?"

Maalimu akapekua kurasa. Akakigeuza kitabu chake, akatazama nyuma ya jalada. Mtu mmoja uani akacheka, kisha wawili, na Sultani uso ukambadilika. Kama kuna kitu alichokichukia zaidi ya ndoo, ni kuchekwa kadamnasi.

"Ewe Feruzi!" akanena. "Swali ni lako, na jibu litakuwa lako. Nakupa siku saba uniletee jina la mama wa nchi hii. Ukileta, naapa kwa kiti cha babu yangu, chochote ambacho uzazi huo utakitaka nitakitenda, kiwe kizuri au kibaya. Usipoleta, jiwe la kwanza la kukijaza kisima utalibeba wewe mgongoni, na la mwisho pia."

Feruzi akateremka kwenye ngazi akiwa mnyonge. Nyumbani alimkuta mkewe, Zawena, ameutua mtungi mtupu mlangoni.

"Wenzangu wana waume wanaofungua midomo kula," akasema Zawena. "Wangu huufungua ili tufe na kiu."

"Mke wangu, niliuliza tu."

"Uliuliza! Haya, na mimi nakuuliza: nikienda mtoni kila siku na kiuno hiki, atanibeba nani, wewe au swali lako?"

Feruzi alihuzunika kweli, kwa kuwa alimpenda Zawena, na kila alfajiri kicheko chake pale kisimani alikitambua katikati ya vicheko ishirini. Sasa alfajiri ilikuwa kimya.

Akazunguka mji mzima. Aliwauliza wazee, mmoja akasema mama wa nchi ni mwanamke aliyempa yule babu wa Sultani uji siku aliposhuka, mwingine akasema hapana, haukuwa uji, ilikuwa mihogo, na hakuwa mwanamke. Wakashikana mashati. Siku zikaenda, moja, mbili, tano, na wanawake wakawa wanapita njia ya mtoni wameinama, wanapumua kwa nguvu, na watoto wakawa wanasinzia vibarazani kwa kuwangoja.

Siku ya sita akaona afadhali amwendee mama mkwe wake, Bi Mwatima, mkunga wa mji, ingawa mama mkwe huyo alikuwa hampi hata salamu ya pili. Akaambiwa yuko nyumba ya pili, kuna mwanamke anajifungua. Akaenda akakaa nje, kama adabu ilivyo. Akamwona mwenye nyumba anakimbia huku na huku, jasho linamtoka: anafungua sanduku, anafungua kabati, anamfungua mbuzi kamba, anaondoa mfuniko wa mtungi, anafungua hata banda la kuku, na kuku wakatoka wakaingia kwa jirani. Na Bi Mwatima kutoka ndani akawa anapiga kelele, "Bado kuna kitu kimefungwa! Tazama tena!" Yule bwana akajipapasa, akaona fundo kwenye pembe ya kikoi chake alimotia tumbaku, akalifungua. Punde mtoto akalia.

Feruzi alikuwa ameyaona mambo hayo tangu utoto, maana hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Mtondoni: mwanamke akishikwa na uchungu, ndani ya nyumba yake hakibaki kilichofungwa. Lakini siku ile aliyatazama kwa macho mengine. Bi Mwatima alipotoka akifuta mikono, Feruzi akamwangukia miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja. Nataka kesho uje kasrini, uulizwe uyajuayo, useme kweli tupu."

"Kweli tupu?" akasema Bi Mwatima. "Hiyo sihitaji kuombwa."

Adhuhuri ya siku ya saba mawe yalikuwa yamekwisha kupangwa kandokando ya kisima, na jiwe kubwa kuliko yote lilitengwa kwa ajili ya mgongo wa Feruzi. Akaingia uani na mama mkwe wake, na nyuma yao wanawake wa Mtaa wa Chini, kila mmoja na mtungi kichwani. Sultani akasema, "Jina?"

"Mwinyi wangu," akasema Feruzi, "kabla ya jina, nina neno dogo. Maalimu alisema babu yako alishuka, akachomeka fimbo, na nchi ikazaliwa saa ileile. Mimi ni mjinga, nina mke tu. Lakini kwa nijuavyo, siku baba anapoingia nyumbani si siku mtoto anapozaliwa."

Wanawake wakafunika nyuso kwa kanga. Mlinzi mmoja akaangusha mkuki wake. Maalimu Taufiki, baba wa watoto tisa, akatazama ardhi, kwa sababu hesabu hiyo aliijua vizuri.

"Babu yako ndiye baba, hilo hatulipingi," Feruzi akaendelea. "Ila kuzaliwa kuna shahidi wake. Mkunga huyu hapa, aulizwe."

Bi Mwatima hakungoja kuulizwa. Akasema, "Hamdani mwanangu, bibi yangu ndiye aliyekuwa mkunga siku babu yako alipofika. Alimpokea baba yako. Mimi nilikupokea wewe. Kila kilichozaliwa hapa kimepita katika mikono yetu. Nchi hatukuipokea. Hakuna aliyetuita, na hakuna aliyesikia ikilia. Mtoto asiyelia hajazaliwa, na ambaye hajazaliwa hapigiwi falaki."

"Basi mama yake ni nani?" akauliza Sultani, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni hawa, Mwinyi," akasema Feruzi akiwaonyesha wanawake. "Jina lao Watu wa Mtondoni. Wasikilize wanavyopumua. Wametoka mtoni, na tangu ulipofunga kisima wako katika uchungu, leo siku ya saba."

Bi Mwatima akapiga mikono. "Siku saba! Na nyumba imefungwa? Kuna kufuli kisimani, kufuli ghalani, kufuli gerezani, kufuli lango la mji! Mtoto atatokaje? Mnataka kumwua mama?"

Sultani akamgeukia Maalimu Taufiki, akasema, "Kitabu kinasemaje?"

Maalimu akakifunga kitabu. Akasema taratibu, "Kitabu hakisemi kitu, Mwinyi. Lakini kwangu, kila mke wangu alipojifungua, nilifungua hata kasha la vitabu hivi. Mara tisa."

"Na wewe mwenyewe," akasema Bi Mwatima kwa Sultani, "mama yako alihangaika na wewe siku mbili. Baba yako alikuwa na kasha la chuma na ufunguo ameupoteza, naye hataki livunjwe. Nikachukua shoka nikalivunja mimi. Ulizaliwa kabla shoka halijawekwa chini."

Sultani Hamdani hakujua habari hiyo. Akaweka mkono juu ya funguo. Alikuwa ameapa mbele za watu, na kwa kiti cha babu yake, kuwa chochote ambacho uzazi ule utakitaka atakitenda. Basi akaanza kuzitoa, moja moja, nazo zikalia kila moja kwa sauti yake. Ufunguo wa kisima, wa ghala la mtama, wa gereza, wa lango. Walinzi wakatumwa huku na huku wakikimbia. Gerezani wakatoka watu kumi na mmoja waliofungwa kwa makosa kama kupiga chafya barazani, wakawa wanasimama juani wakijikuna, hawajui waende wapi.

"Bado kuna kitu kimefungwa," akasema Bi Mwatima.

Watu wakatazama huku na huku. Mwishowe wote wakamtazama Sultani, naye akajitazama, akaona mshipi wake. Akaufungua. Tumbo likashuka mahali pake, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta miaka mingi, na kwa kuivuta akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia nguzo. Watu wa Mtondoni, walipoona ni halali, wakacheka naye.

Alipotulia akauliza, "Mama Mwatima, huyo mtoto atazaliwa lini?"

"Huyu ni wa kwanza, na wa kwanza huchelewa. Ila mpaka nimsikie akilia, pasifungwe kitu."

Feruzi akapewa joho jeusi la tarizi. Zawena akalipokea, akashukuru, akakata mkono mmoja akaushona ngata ya kichwani, maana kisima kilikuwa wazi na yeye alikuwa na maji ya kuchota. Ikawa kila Ijumaa Sultani anamtuma mtu kwa mkunga kuuliza, "Tayari?" na jibu likawa, "Bado, acheni wazi." Bi Mwatima alipofariki, swali likapelekwa kisimani, na wanawake wakajibu kwa sauti moja, "Bado!"

Miaka ikapita, Sultani Hamdani akawa mzee wa kutembelea bakora. Alfajiri moja zogo la kisimani lilimwamsha kama kawaida, akashuka, akamkuta Feruzi yuko juu ya paa la jirani. Akamwita chini, akamnong'oneza, "Feruzi, sasa sote ni wazee, niambie kweli. Hivi mtoto huyo hajazaliwa mpaka leo?"

Feruzi akamwamkia kwa adabu, akasema, "Mwinyi wangu, kujua ni rahisi. Kifunge kisima mara moja tu, halafu kaa dirishani. Utamsikia akilia."

Sultani akawatazama wale wanawake na ndoo zao. Kisha akacheka, akapanda ngazi, akarudi kulala na dirisha akaliacha wazi. Nasi tuliosimuliwa tumewasimulia, na kisima hicho, wasemao husema, mpaka leo hakina mfuniko.