Simu Zilizofungwa Vimpira

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Laiti wangesema hula peke yake, Nhàn angelala usingizi wa pono, maana janga lililokuwa likichumwa nyumbani kwake halikuwa lake. Mchumaji alikuwa mumewe, Quyết, mtu mwema lakini asiyeambilika.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba yao nyembamba, kwenye mji mmoja kaskazini mwa Hanoi, Quyết alifuga simu kama wengine wanavyofuga kuku. Zilikuwa simu kuukuu, zimepangwa kwenye rafu za chuma, kila moja na waya wake wa umeme, zikiwaka usiku na mchana. Watu wanaonadi viatu na vipodozi mubashara mtandaoni walimlipa ili simu hizo zijifanye watazamaji. Biashara ilipochangamka akaongeza rafu, kisha nyingine, hadi ya mwisho ikaegemea ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta huo aliishi mama yake, Bibi Thoan, fundi wa vitu vya karatasi ambavyo watu huwachomea wafu wao: nguo, farasi, nyumba, na siku hizi hata simu, kwani mababu nao hawataki kupitwa.

Kuongeza, Quyết alijua. Kutunza, hata chembe! Kwa kuchajiwa bila kupumzika, betri zilianza kuvimba kama maandazi na kufumua migongo ya simu. Badala ya kuzitoa, alichukua vimpira ambavyo Nhàn hufungia mafungu ya mboga za kuuza sokoni, akazibana navyo.

"Baba Ngân, na hii imefumuka," Nhàn alimwambia asubuhi moja. "Tazama kioo kilivyoinuka."

"Ifunge kimpira."

"Kimpira ni dawa ya betri? Zima rafu hii leo tu, tutoe mbovu."

"Nikizima, wateja wanakimbia. Mama Ngân, wewe uza mboga. Mimi leo nafuata mzigo mwingine."

"Mwingine! Hizi zimekushinda!"

Bibi Thoan naye alichungulia mlangoni, gundi vidoleni. "Mwanangu, mbona ukuta wangu una joto kama mgonjwa wa homa? Mzigo wangu wote wa sikukuu ya wafu ya mwezi wa saba umeuegemea."

"Ni joto la feni tu, Mama. Usijali."

Nhàn alimtazama mumewe akipanda pikipiki na kuondoka. Alitamani kupiga kelele, lakini maneno yalikwisha kumkauka kwa kurudiwarudiwa.

Mchana, alipokuwa akiosha mboga, alisikia mlipuko mdogo chumba cha nyuma, kisha wa pili. Alipofungua mlango, rafu ya mwisho ilikuwa inawaka. Akakimbilia kuzima umeme, akamtoa mama mkwe wake nje kwa kumburura, akaita majirani. Moto ulizimwa kabla haujapanda ghorofani, na hakuna aliyeumia. Lakini ukuta wa mbao uliteketea, na karatasi za Bibi Thoan zote zikawa majivu. Tangu afiwe na mumewe, mama huyo hakuwahi kuvunja ahadi kwa wateja wake wa sikukuu.

Quyết alirudi na maboksi ya simu nyuma ya pikipiki. Alisimama mlangoni.

"Pongezi, mwanangu," mama yake alisema, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Leo mababu wa ukoo mzima wamepata simu. Tena za kweli, zimefungwa vimpira."

Hakuna aliyecheka. Quyết alipiga magoti na kuomba radhi. Mama yake akampa mkasi.

Tangu siku hiyo familia nzima ilikaa mkekani kukata na kugundisha karatasi upya, ili mzigo uwahi sikukuu. Nhàn alifunga kibanda chake cha mboga msimu ulipokuwa mtamu. Ngân, binti yao, likizo yake iliishia kwenye gundi. Kosa la mmoja, migongo iliyouma ikawa ya wote, na jambo hilo lilimchoma Nhàn kuliko moto wenyewe.

"Mama, tutengeneze simu ngapi?" Quyết aliuliza kwa unyonge.

"Nyingi. Si ulitaka kuongeza?"

Aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja. Mara simu moja ya karatasi ikafumuka mgongo. Bila kufikiri, akanyoosha mkono kwenye bakuli la vimpira vya mkewe na kuchukua kimoja.

"Thubutu!" Nhàn alifoka.

Quyết alikitazama kimpira kile kama aliyeamshwa usingizini, akakirudisha polepole. Kisha akaibandua simu ile yote, akaanza upya. Nhàn alishusha pumzi, akamsogezea gundi kwa vidole vyake vilivyochubuka, vidole ambavyo havikuwahi kufunga kimpira hata simu moja. Hakika, mchuma janga hula na wa kwao.