Udhu wa Diwani

Inasimuliwa, na ajuaye ukweli wote ni Mola peke yake, kwamba katika zama za watu wema waliotangulia palikuwa na mji wa bondeni ulioishi kwa mfereji mmoja tu. Mji huo ulikuwa na madiwani saba, kila mtaa na diwani wake, kila diwani na kilemba chake cheupe, na kila kilemba kikubwa kuliko cha jirani.

Walikuwa watu wa ibada, hilo halina ubishi. Ila walikuwa na kadesturi kao. Raia akimlalamikia diwani, lalamiko lilipelekwa kwa madiwani wenzake. Wakakaa, wakafukiza udi, wakanywa kahawa, wakatazamana, wakaona hakuna kosa. Miaka ikapita mjini hapo pasipatikane diwani mkosaji hata mmoja, na wenyewe wakalihesabu jambo hilo kuwa ni baraka.

Aliyesifika kuwashinda wote alikuwa Diwani Abdulwarithi bin Hatimu, Mola amrehemu. Ulimi wake haukukauka dhikri, na paji la uso wake lilikuwa na alama ya sijda iliyoonekana toka ng'ambo ya soko. Kwa uchamungu huo ndiye aliyekabidhiwa bakuli.

Bakuli lenyewe lilikuwa la shaba, jepesi, lenye tundu dogo kitakoni. Liliwekwa lielee ndani ya hodhi la mawe, pale mfereji unapogawanyika kwenda mashambani. Maji yaliingia polepole kwa lile tundu mpaka bakuli likajaa, likazama, likagonga jiwe la chini: tang! Hapo diwani hupuliza baragumu, mwenye shamba hufunga mlango wake wa maji, na zamu huhamia kwa mwenzake. Ndivyo walivyogawana riziki.

Zamu ya mwisho kabla ya alasiri ilikuwa ya Bi Lubaba binti Saadi, mkulima wa vitunguu, mwanamke mpole mpaka umguse haki yake. Siku moja alipanda kutoka shambani, matope magotini, jembe begani, akamkuta diwani hodhini na watu wamejaa wakingoja sala.

"Sheikh wangu," akasema, "baragumu lako linawahi. Matuta yangu ya mwisho hayajaonja maji tangu ukabidhiwe bakuli hilo."

"Bakuli halina shangazi wala mjomba, binti Saadi," akajibu Abdulwarithi. "Likijaa linazama."

"Basi siku hizi limejifunza kujaa haraka."

Watu wakacheka. Na diwani, aliyezoea kuchekewa na si kuchekwa, damu ikampanda kichwani.

"Mwongo wewe!" akafoka. "Unataka kunywesha vitunguu vyako maji ya wenzio! Nenda zako, usinitilie najisi udhu wangu!"

Kicheko kikahama upande. Sasa alikuwa anachekwa Bi Lubaba. Akageuka na jembe lake, akaondoka. Lakini hakwenda kwa madiwani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kadhi Miqdadi, ambaye alikuwa mgeni mjini, hana shemeji pale wala rafiki wa kahawa.

Kadhi alimsikiliza mpaka akamaliza, asimkate neno. Kisha akasema, "Kesho kutwa alasiri, palepale hodhini. Lalamiko nitalisikilizia mahali lilipozaliwa."

Madiwani waliposikia, vilemba vilitikisika. Ila hawakutikisika sana, maana ada ya mji ilikuwa upande wao. Neno la diwani lilipokelewa bila kiapo wala shahidi. Na mlalamishi akishindwa, alipoteza zamu yake ya maji mpaka mavuno yapite. Kwa Bi Lubaba maana yake ilikuwa kuvitazama vitunguu vyote vikigeuka makapi. Kwa upande wa pili, diwani akithibitika na kosa, alivua kilemba mbele ya watu na hakukivaa tena maishani.

Siku ya kabla ya shauri, Abdulwarithi alikaa hodhini peke yake, amenuna. Kila siku ya Mungu, saa ile ya zamu ya mwisho, alikuwa na mazoea yake: hufumba macho, akachota maji ya hodhi kwa kata, akatawadha taratibu huku akimtaja Mola, kila kiungo na dua yake. Akisikia tang, hupuliza baragumu. Bakuli lenyewe hakulitazama, kwa kuwa sikio lilimtosha.

Siku hiyo hasira ilimkatalia kufumba macho. Alitaka kuuona uadilifu wake ulivyo mzuri.

Akachota kata ya kwanza, akaosha mikono. Kiwimbi kikatoka penye kata, kikatambaa, kikapanda ukingo wa bakuli, kikamwagikia ndani. Akachota tena, asukutue. Kiwimbi kingine. Alipofika usoni bakuli lilikuwa limelala upande. Alipofika kwenye miguu, tang!

Mkono ukalichukua baragumu kwa mazoea, ukalipeleka mdomoni, likalia. Na kule chini, kwa macho yake mawili, akamwona Bi Lubaba akiinama kufunga mlango wa maji, na nyuma yake matuta ya mwisho yamekauka, meupe kama jivu.

Alisali alasiri ile na hata hakujua amesoma sura gani.

Walipotoka msikitini, Diwani Shibli, sahibu yake wa tangu utotoni, alimtazama. "Mbona umepauka kama uji wa mgonjwa?"

Abdulwarithi akamweleza. Shibli akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani mwizi ni udhu! Haya, nikuulize. Umeiba?"

"Sikuiba."

"Ulikusudia kumpunja?"

"La, wallahi."

"Basi kesho Kadhi akikuuliza kama umeiba, sema hukuiba. Ni kweli tupu, hata malaika wataiandika hivyohivyo. Kisha uwe unatawadha mbali, kimyakimya. Nani atajua?"

"Na yeye atapoteza zamu mpaka mavuno."

"Vitunguu hivyo, bwana! Utavilinganisha na kilemba?"

Abdulwarithi alijua Shibli anasema upuuzi, na alijua pia kwamba upuuzi ule unamvutia.

Siku ya pili watu walijaa hodhini kuliko siku ya idi. Kadhi Miqdadi aliwakalisha wawili wale juu ya mkeka mmoja, wote jua likiwapiga usoni. Bi Lubaba akaeleza, maneno yaleyale, hakuongeza chumvi. Kadhi akamgeukia diwani.

"Umeiba maji ya mama huyu?"

"Sikuiba," akasema Abdulwarithi.

"Ada yenu inasema neno lako latosha," akasema Kadhi, na uso wake haukuonyesha kitu. "Shauri limekwisha."

Shibli akashusha pumzi. Madiwani wakaanza kupeana mikono. Bi Lubaba hakulia. Alichukua jembe lake, akalitazama kama mtu anayejiuliza atalifanyia kazi gani tena, akainuka kwenye mkeka.

"Kaa, dada yangu," akasema Abdulwarithi. Sauti ilimtoka nyembamba. "Kadhi, hukuniuliza vizuri."

Shibli akakohoa kwa nguvu.

"Kohoa tu, Shibli," akasema, "leo haitasaidia. Kadhi, umeniuliza kama nimeiba. Niulize kama mama huyu alipunjwa."

"Alipunjwa?"

"Alipunjwa. Kwa mkono huu."

Akasogea hodhini, akaliweka bakuli lielee, akachota kata ya kwanza. Watu wakasogea wachungulie. Kiwimbi kikatambaa, kikapanda, kikamwagika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila aliyekuwapo aliona ibada ya mtu mwema ikizamisha haki ya mwenzake, tone kwa tone.

Kadhi akamgeukia diwani. "Kwa mkono hukukusudia," akasema. "Hilo nakusamehe, na Mola ni msamehevu zaidi. Lakini mama huyu alikuja hapa akakuambia, nawe ulikuwa na macho, ukashindwa kulitazama bakuli mara moja tu. Ukamwita mwongo mbele za watu. Ulimi nao hukuukusudia?"

"Niliukusudia."

Akaanza kukifungua kilemba mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka upara ukameta juani. Wengine walitaka kucheka wakashindwa. Akamgeukia Bi Lubaba na kusema kwa sauti ya kufika sokoni, "Mwongo hapa nilikuwa mimi. Nisamehe."

Bi Lubaba alikitazama kile kitambaa kirefu kilicholala mkekani.

"Nimekusamehe. Kadhi, mvike kitambaa chake," akasema. "Nikifanyie nini? Ukimtoa huyu watamweka mwingine, naye ana mkono na ana kata, tena huyo hatasema."

Hapo hata Kadhi alitabasamu. Akamrudishia kilemba, na siku hiyohiyo akaifuta ile ada ya neno la diwani kutosha. Tangu hapo lalamiko juu ya diwani halikupelekwa tena kwa madiwani, bali lilisikilizwa mahali lilipotokea. Na swali la kwanza kwa diwani aliuliza mlalamishi mwenyewe, kwa maneno yake.

Abdulwarithi aliishi na bakuli lake mpaka uzeeni. Lakini kutawadha alikwenda mkiani kwa mfereji, baada ya mashamba yote kunywa, akachota yaliyobaki. Njia ilipita kando ya vitunguu.

"Sheikh wangu," Bi Lubaba humwita, "leo macho yamefumbuka?"

"Yamefumbuka, binti Saadi. Hebu nionyeshe matuta ya mwisho."

Naye humwonyesha, yamelowa.

Enyi wapenzi, kisa hiki hakina mwizi, msijichoshe kumtafuta. Kina mtu aliyefumba macho akimtaja Mola, na mja wa Mola anakauka mbele yake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wepesi wa kutazama pale tunapolalamikiwa. Nawe sasa ukienda kutawadha, tazama kwanza maji yako yanamwagikia wapi.