Zamu ya Maji ya Mzee Mbonea

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wewe unayetafuna muwa, uweke kwanza chini. Sauti yangu haiwezi kushindana na muwa.

Hapo zamani, si zile za fisi kusema, ni juzijuzi tu hospitali zikiwapo, milimani Upare aliishi Mzee Mbonea na wanawe watatu: Nambike, Kisaka na Senzia. Walilima tangawizi. Maji ya bwawa la kijiji hugawanywa kwa zamu, na zamu ya mzee ilikuwa ya alfajiri, bwawa limejaa. Wa jioni huambulia matope.

Mafua makali yakaingia. Nakiete, mjukuu wa mzee, akakohoa. Mzee akamgusa paji la uso. "Hana joto. Mzima huyu." Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu mtoto akahema kama mbuzi aliyekimbizwa.

Nambike akasema, "Baba, shangazi Nakunda alikufa hivihivi, bila joto. Na kaka yake. Huyu si mzima."

Kisaka akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akashuka mlima kwenye mvua. Wanawake njiani wakamtania, "Shemeji, na kunyonyesha unaweza?" Akaongeza mwendo. Akafika hospitali, mtoto akawekewa hewa ya mtungi, akapona.

Daktari akasema, "Mwili una walinzi wa kupiga baragumu ugonjwa unapoingia, na baragumu lao ndilo joto. Wa huyu wanachelewa. Nadhani ni kasoro ya kurithi, ila bila damu ya ndugu sitajua."

Senzia, anayekimbia hata kutolewa mwiba, akanyoosha mkono. Kasoro ikaonekana, na kwake pia ikawemo. Tangu hapo watoto wa ukoo hupimwa, wenye kasoro huchanjwa kila mwaka, na wakikohoa hawasubiri joto.

Jioni moja wakila, Mzee akatangaza, "Aliyemwokoa Nakiete atarithi zamu yangu."

"Ningenyamaza," akasema Nambike, "mngemzika mkisema mzima."

"Na kusema kwako kungemfikisha hospitali?" akauliza Kisaka.

"Ninyi mmemwokoa mara moja," akasema Senzia. "Mafua yanarudi kila mwaka."

Mzee akacheka, akaendelea kula. Akafa kwa uzee, hajaamua. Nambike akarithi nyumba, Kisaka ng'ombe, Senzia shamba la juu. Nakiete, ambaye sasa ana watoto wanne wake mwenyewe, akarithi kigoda cha babu. Zamu ya alfajiri wale watatu wanapokezana, na kila asubuhi bwawani wanabishana huku wakicheka.

Je, nyie mnaonaje, nani alistahili?