Mgongo wa Tangi la Bi Sikujua

Sogeeni, na mwenye kikombe akishike vizuri, kwa maana nikimaliza kusimulia mimi nitanyamaza, na nyinyi ndio mtakaosema.

Palikuwa na mama mmoja mjini Tabora, Bi Sikujua, mjane mwenye watoto watatu, kila mmoja na kipawa chake. Feruzi, kifungua mimba, alijaliwa jicho: akitulia mahali, huona ambacho wenzake wamekipita. Sudi, wa pili, dereva wa lori, alijaliwa kumbukumbu: hakuna njia aliyopita akaisahau. Kalunde, kitinda mimba, alijaliwa mkono: vibao vya saluni na mabucha karibu vyote vya mtaani vilitoka kwenye brashi yake.

Marehemu mumewe alimwachia Bi Sikujua tangi la kioo lenye samaki wawili, dume na jike, aliowatoa Ziwa Tanganyika. Alipomaliza eda, mama akalihamishia sebuleni, mbele ya dirisha la uani, apate kuwatazama kutoka kitini pake. Tangu siku hiyo samaki wakaharibikiwa. Walijigonga kwenye kioo, wakajibanza pembeni, na chakula kikaelea mpaka kikaoza. Mama alibadilisha maji tena na tena, wapi. Bi Sikujua naye akawa hali vizuri, maana aliona amana ya mumewe inamfia mkononi.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama akawaita wanawe. Watatu hao humgombania mama yao kila Idd, kila mmoja akimtaka kwake. Akawaambia, "Atakayewaponya samaki wa baba yenu, mwaka huu Idd nakula kwake."

Feruzi hakugusa kitu. Alivuta kigoda, akakaa kimya alasiri nzima. Wake wa wapangaji walipita uani na ndoo zao, kuku wakapita, na kila kivuli kilipokatiza dirishani samaki walikurupuka. Feruzi akacheka. "Mama, maji hayana ubaya. Tangi hili halina mgongo. Wewe ungelala chumba kisicho na ukuta?" Akatundika kitenge nyuma ya kioo. Kweli, kujigonga kukaisha, lakini kitenge kilipepea kwa upepo, na samaki hawakutoka pembeni wala hawakula.

Bi Sikujua akaona ukuta wenyewe atauchagua yeye. Alikwenda sokoni akanunua picha kubwa ya bahari, ina matumbawe mekundu na kasa, akaondoa kitenge akaibandika nyuma ya kioo. Wageni waliisifu. Samaki je? Karatasi ilikuwa inang'aa, wakaona sura zao ndani yake, wakaanza kupigana na vivuli vyao wenyewe mpaka dume akachanika pezi. Mama akaibandua kwa hasira, nusu ikabaki kwenye kioo.

Sudi alirudi safari akakuta mabaki yale, akatikisa kichwa. "Hawa si wa maji chumvi, mama. Umewapangishia nyumba ya watu wengine." Yeye alipokuwa mdogo baba yake alimchukua mara moja hadi ufuko ambako samaki wale walivuliwa, na hajausahau. Safari yake iliyofuata ilikuwa ya Kigoma. Akaliacha lori kituoni, akateremka kwa miguu mpaka ufukoni, akaingia majini hadi kifuani, akapiga picha kwa simu iliyofungwa ndani ya plastiki: mawe ya kijivu na kahawia yaliyorundikana, ukungu wa kijani ulioota juu yake, na giza katikati ya nyufa.

Lakini picha ya simu haimfichi samaki. Kalunde akaichukua, akasugua mgongo wa kioo kwa nje, akaanza kupaka. Mama alipochungulia dirishani kutoka uani akashtuka, kwa sababu aliona madoa ya kijani tu, mawe hayapo. Kalunde akamweleza kwamba anayechora nyuma ya kioo huanza na cha mbele: kwanza ukungu, kisha nyufa, kisha jiwe, na giza mwisho kabisa. Alipomaliza, mama akazunguka upande wa sebuleni, akaketi kitini pake. Lilikuwa ziwa.

Jike alitoka kwanza, akafuata dume. Wakala. Ramadhani ilipoanza mashavu ya jike yakavimba kwa mayai, maana samaki wa aina hii huyaatamia kinywani, na kabla mwezi haujaisha akafungua kinywa wakatoka watoto, wadogo kama mbegu za tikiti, wakaenda kujipanga mbele ya mawe ya Kalunde. Bi Sikujua alicheka hadi machozi, akawapigia simu wanawe wote.

Walikuja mbio, na hapo kasheshe ikaanza.

Feruzi alisema, "Bila mimi mngekuwa bado mnabadilisha maji. Ugonjwa niliujua mimi."

Sudi alisema, "Ukuta ulikuwepo, mama mwenyewe aliununua, ukawapiganisha. Sura ya kwao niliifuata mimi."

Kalunde aliyekuwa bado ana rangi kwenye kucha alisema polepole, "Kaka zangu mlijua, mkakumbuka. Samaki wametulia mbele ya nini?"

Bi Sikujua akawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa ameshanunua mchele. Kumkata mama vipande vitatu hakuwezekani, na ahadi ilikuwa ya nyumba moja. Jioni hiyo mwezi ukaonekana, na takbiri zikasikika msikitini. Asubuhi mama alivaa gauni lake jipya, akajitanda mtandio, akasimama barazani na mkoba mkononi. Wajukuu wa nyumba tatu walikuwa wanamsubiri.

Haya, mimi nimefika mwisho. Jicho, kumbukumbu, au mkono: wewe ungekuwa Bi Sikujua, ungeshika njia ya kwa nani?