Maua ya Mkazamwana

Mliniuliza kwa nini huku kwetu bibi arusi hupanda maua kando ya shamba kabla hajapewa jembe la kulimia mahindi. Kaeni niwaeleze.

Zamani za mababu, watu wa milima hii hawakuacha hata ua moja shambani. Shamba lililosifiwa ni lile lililofyekwa mpaka mpakani, na vichaka vya karibu vilichomwa moto ili nyoka wasijifiche. Nyuki na vipepeo wakahama, wala hakuna aliyejali.

Ndipo maboga yalipokataa. Mashina yalitambaa vizuri na kuchanua, kisha vitoto vya maboga vikanyauka vikiwa vidogo kama kidole gumba. Njaa ikaingia. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata Namkunda, mke wa Mbonea, aliyekuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Walisema tumbo lake ndilo lililofunga mashamba. Mbonea akaambiwa kwamba mvua zikiisha bila maboga, amrudishe mkewe kwao.

Namkunda hakubishana. Alikwenda kulia kwenye kaburi la baba mkwe wake, mahali ambapo jembe halikufika. Pale, penye jua kali, maua ya mwituni yalikuwa yamejaa, na katikati yake shina la boga lililojiotea lilikuwa limezaa. Akakaa akatazama. Nyuki walitoka kwenye maua ya mwituni wakaingia kwenye ya boga, miguu imejaa unga wa manjano.

Akang'oa miche ya maua yale, akaenda kuipanda kwenye ukingo wa shamba la mumewe, upande unaopigwa na jua tangu asubuhi. Mama mkwe wake, Nanzia, akamkuta hapo. Namkunda akamweleza alichokiona, akangoja matusi. Nanzia aliitazama mikono yake iliyochubuka, kisha akapiga magoti kando yake.

"Nipe na mimi mche, mwanangu," alisema. "Wakikufukuza, watufukuze sote wawili."

Maua yakashika. Vipepeo wakarudi, nyuki wakafuata, na shamba lile likazaa hata wakawagawia majirani waliomsema. Namkunda hakupata mtoto kamwe, lakini hakurudishwa kwao.

Kuanzia msimu ule, bibi arusi na mama mkwe hupanda maua pamoja, upande wa jua. Na wakiwa wameinama pale, hakuna anayeruhusiwa kuuliza habari za mtoto.