Komeo na Mapacha wa Bibi Kabula

Mwanamke mmoja alikuwa na komeo ambalo hakuwahi kulishika kwa mkono. Aliitwa Tusajigwe, mzaliwa wa Tukuyu, na komeo lenyewe lilikuwa programu ndogo ya kompyuta inayoficha maneno. Ukiandika ujumbe, programu ile inauvuruga hata usisomeke, na mwenye ufunguo wake peke yake ndiye anayeweza kuupanga upya akausoma. Aliiita Komeo.

Hakuiuza. Aliyaweka maandishi yote ya Komeo wazi mtandaoni, kila mtu ayaone, ayachukue, ayatumie, na akiona kasoro aseme. Wapo wanaomshangaa mtu anayeonyesha hadharani jinsi kufuli lake lilivyotengenezwa. Lakini mafundi wa kazi hii husema kufuli ambalo ulinzi wake ni kutojulikana kwake, siku likijulikana limekwisha. Lililokaguliwa na macho mengi ndilo la kulalia usingizi.

Mchana Tusajigwe alifundisha katika chuo cha ufundi hapo hapo Tukuyu, na jioni alilihudumia Komeo. Watu wengi wanadhani programu ikishaandikwa imekwisha, kama meza iliyotoka kwa seremala. Sivyo. Ni kama mgomba. Usipopalilia, usipopunguza machipukizi, unabaki na majani tu. Simu mpya zinatoka, za zamani zinabadilika, na jambo lililokuwa sawa jana leo linakwama. Mwenzake katika palizi hiyo alikuwa Haroub, mtu wa Wete, Pemba. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, ila walifanya kazi pamoja kwa maandishi na kwa sauti kama ndugu wa tumbo moja.

Komeo likaenea hata mahali ambapo Tusajigwe hakupajua. Vyama vya wakulima vikalitumia, na zahanati, na walimu. Hawakumjua, na hilo halikumsumbua. Lililomharibu, naye asilione, ni sifa. Watu walikuwa wakimwandikia kwamba Komeo halijawahi kushindwa, naye akaamini. Akaanza kuwasikiliza wanaolalamika kama mwenye nyumba mchovu anavyowasikiliza wapangaji.

Sasa, kule Maswa, zahanati moja ya kijijini ilikuwa imewagawia simu ndogo za aina moja akina mama wajawazito na wazee wenye shinikizo la damu, ili wapate majibu ya vipimo na tarehe za kliniki bila mwingine kuyasoma. Mmoja wa wazee hao alikuwa Bibi Kabula, mjane wa miaka kama sabini, mwenye vitukuu. Asubuhi moja alikuwa amekaa barazani anabangua karanga, simu yake ikalia. Akaisoma taratibu: "Hongera mama. Kipimo kimeonyesha mapacha. Njoo Jumatatu tupange safari ya hospitali."

Bibi Kabula akaitazama simu. Akalitazama tumbo lake. Akacheka hata ungo wa karanga ukamponyoka mapajani.

Lakini alijua mapacha wale wana mama yao, na mama huyo hakuwa yeye. Akaifunika simu ndani ya khanga, akashika njia ya zahanati. Jirani alimwuliza kinachomchekesha peke yake njiani. Akajibu ni karanga. Alipofika aliingia chumbani kwa muuguzi Veneranda, akaufunga mlango, akaketi.

"Mwanangu, nimeitika wito," akasema. "Nimeambiwa nina mapacha. Ila baba yao unamfahamu, tulimzika mwaka juzi."

Veneranda alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alipopata pumzi akatazama kumbukumbu, akaona ujumbe ule ulikuwa wa Minza, mke kijana wa kijijini palepale. Minza naye alikuwa ameupata. Ujumbe mmoja uliingia katika simu mbili, na simu zote mbili zikaufungua, jambo ambalo Komeo liliwekwa lisiwezekane. Veneranda akawaandikia waliotengeneza mfumo wa zahanati. Hao wakakagua upande wao, wasione kitu, nao wakaandika katika ukurasa wa wazi wa Komeo, mahali watu wanapoleta kasoro: bibi wa miaka sabini ameambiwa ana mapacha.

Tusajigwe aliusoma wakati wa chai ya saa nne, akawasomea walimu wenzake, wakacheka wote. Kisha akajibu kwa mstari mmoja kwamba Komeo ni zima, wakague simu zao. Akalifunga lile shauri, akarudi darasani.

Veneranda hakuwa mtu wa kufungiwa shauri. Akaandika tena: "Dada, usibishane na mimi, mpigie bibi mwenyewe. Amekubali." Akaweka namba. Tusajigwe alipiga, ili tu isisemwe kwamba hakusikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe mwenye komeo?"

"Ni mimi, bibi."

"Haya. Komeo lako limenipa mimba."

Tusajigwe akacheka asitake. Bibi akacheka naye, na kwa kuwa kicheko hufungua mazungumzo, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Akasema simu zile walipopewa zilikuwa hazina chaji hata chembe. Yeye na Minza walizipeleka pamoja kwa Masanja, mwenye kibanda cha kuchaji kwa nguvu ya jua. Zilipojaa Masanja akaziwasha kwa mpigo, moja mkono huu, nyingine mkono ule, akawakabidhi. "Na zote zilikuwa zimepotea tarehe," bibi akasema. "Zinatuonyesha mwaka ambao Minza alikuwa hajazaliwa. Tukamtania kwamba amepata simu kabla ya kupata mama."

Hapo Tusajigwe akaacha kucheka.

Maana ufunguo wa Komeo hutengenezwa kwa kubahatisha, kama mtu anayechanganya kete ndani ya kikapu na kuchota bila kutazama. Simu iliyokaa macho muda mrefu ina mengi ya kuchanganya: mguso wa vidole, mawimbi ya minara, saa inayotembea. Lakini simu iliyotoka kuzimika kabisa haina kitu. Hata saa yake imerudi mwanzo. Simu mbili za namna hiyo, za aina moja, zikiamka kwa pamoja zinaingiza mkono katika kikapu kile kile ambacho hakijatikiswa, na zinaweza kutoka na kete zile zile. Na kwa kuwa mfumo wa zahanati ulimtambua mtu kwa ufunguo wake, ujumbe wa mmoja uliingia kwa wote wawili.

Akamweleza bibi alichokishuku, kwamba simu zilizoamka pamoja huenda zina ufunguo mmoja, akamshukuru, akaagana naye. Akaazima simu mbili za aina moja kwa wanafunzi wake, akaziacha zikazimika zenyewe, akazichaji, akaziwasha. Akaweka funguo zake mbili kando kwa kando. Zilikuwa sawa, herufi kwa herufi. Si Minza na Bibi Kabula tu. Popote ambapo simu rahisi ilizimika na kuwashwa upya, kulikuwa na watu wenye ufunguo mmoja, na kila mmoja anadhani amejifungia peke yake.

Akampigia Haroub. Wote wawili wakaacha mengine yote, wakashika tundu lile. Walibishana, walifuta, waliandika upya, Haroub akamrekebisha hapa, yeye akamrekebisha kule, na katika uchovu wao walikuwa na furaha ya mafundi waliopata kazi inayostahili mikono yao. Mwishoni wakalifanya Komeo likatae kutengeneza ufunguo hadi simu iwe imekusanya mambo ya kutosha ya kuchanganya. Na kama hayajatosha, lingemwomba mwenye simu aguseguse kioo mpaka yatoshe. Wakajaribu kila namna. Funguo zikatoka tofauti kila mara.

"Dada yangu," Haroub akasema, "tumeziba. Sasa tunyamaze. Jina la Komeo tumelijenga kwa jasho, na hakuna anayejua chanzo cha tundu ila wewe, mimi na bibi mmoja wa Maswa."

Haroub hakuwa mtu mbaya. Alilipenda Komeo, na mpenzi huwa mwepesi kuficha aibu ya ampendaye. Tusajigwe naye alijua kilichosalia: ufunguo uliokwisha kutengenezwa vibaya haujirekebishi wenyewe. Waliokuwa nao wangeendelea nao mpaka waambiwe wautupe. Alilijua hilo, na bado aliketi akaandika tangazo lenye maneno mawili: "Marekebisho madogo."

Kabla hajalituma, simu ikaita. Alikuwa Bibi Kabula, anataka kujua hali ya mgonjwa, yaani komeo.

"Tumelitengeneza, bibi. Limepona."

"Nashukuru. Na wenzangu umewaambia?"

"Wenzako gani, bibi?"

"Hao wengine wenye ufunguo wa watu na hawajui."

Kisha bibi akaongeza polepole, bila ukali:

"Mjukuu wangu, mimi nilicheka kwa sababu yalikuwa mapacha. Ungekuwa ugonjwa wa mtu, nani angecheka?"

Tusajigwe akafuta yale maneno mawili. Kwanza yeye na Haroub waliwaarifu kimya kimya wenye zahanati na vyama, ili wabadilishe funguo zao kabla wezi hawajasikia. Haroub alinung'unika siku ya kwanza; siku ya pili alikuwa ndiye anayepiga simu nyingi zaidi. Kisha wakaandika kwa watu wote, kwa maneno ambayo hata Masanja wa kibanda cha kuchaji angeyaelewa: Komeo lilikuwa na tundu. Tundu ni letu, si la simu zenu. Tuliambiwa, tukakataa kusikia. Autupe ufunguo wake kila mwenye simu rahisi iliyowahi kuzimika na kuwashwa upya, atengeneze mwingine leo. Na chini yake wakaandika jina la aliyeligundua, baada ya kumwomba ruhusa: Bibi Kabula wa Maswa.

Matusi yalikuja, maana mtandaoni hayakosekani. Wengine walisema hawatalitumia Komeo tena, wakaondoka. Tusajigwe aliyasoma akiwa ameinamisha kichwa, na mawili matatu kati ya hayo aliona yana haki. Lakini funguo zilianza kubadilishwa, na funguo pacha zikaonekana mahali pengi. Katika wilaya moja ya mbali alipatikana mtu aliyekuwa akipokea habari za dawa zake kwa siri, na ufunguo wake ulikuwa sawasawa na wa jirani aliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba. Ulitupwa kabla jirani yule, ambaye simu ilikuwa bado ngeni kwake, hajafungua ujumbe hata mmoja. Mtu yule hakuambiwa amenusurika na nini. Alipewa ufunguo mpya, akaenda zake akipiga mluzi.

Kisha likatokea jambo ambalo Tusajigwe hakulitarajia. Watu ambao walikuwa wakilitumia Komeo bila kulitazama walianza kulitazama. Msichana wa chuo huko Bukoba akaleta kasoro ndogo. Mzee mmoja mstaafu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, akaleta nyingine, akiomba radhi kwa usumbufu kana kwamba amekanyaga zulia la watu. Tusajigwe akawajibu wote siku ile ile, naye hakufunga tena shauri la mtu kabla hajasikia sauti yake. Haroub alisema Komeo sasa lina wapaliliaji wengi kuliko magugu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wote wawili wakapumzika mwisho wa juma wakiwa na amani.

Minza alijifungua salama hospitalini, watoto wa kike, Kulwa na Doto. Aliporudi alipita kwa Bibi Kabula kabla ya kufika kwa mama mkwe wake, akampakatisha mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Bibi akapiga vigelegele hata majirani wakatoka, na kwa kuwa siri sasa haikuwa siri, akawaeleza wote jinsi mimba ile ilivyoanzia kwake. Wakapiga picha, Veneranda akaituma Tukuyu. Tusajigwe aliionyesha kwa walimu wenzake wakati wa chai, wakacheka tena, na safari hii alikuwa na jambo la kuwaeleza baada ya kicheko.

Basi niambieni, ninyi mlio na jambo la kulinda: kati ya wale waliolisifu komeo miaka yote na yule bibi aliyelicheka, nani alilinda nyumba?