Mbangi wa Mtemi Kiboko

"Nina kisa!"
"Kilete!"
"Kina meno!"
"Kitume!"
Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, tusikilizane.

Hapo kale bonde zima lilikuwa la Mtemi Kiboko. Tumbo pipa, mdomo kama mlango wa ghala, shingo hana. Juu maweni aliishi Pimbi, kinyama kidogo kuliko paka, na mama yake asiyeweza kutembea. Mama alikuwa na mibangi minne: mmoja wa maumivu ya miguu, mmoja wa usingizi, mmoja wa hamu ya kula, na mmoja, unaonukia ndimu, wa kucheka tu, maana watu wazima nao hucheka.

Siku moja Mtemi akatangaza: "Kila nyumba mbangi mmoja! Inayozidi ing'olewe, iletwe tumboni kwangu. Atakayezidisha, nitaikanyaga nyumba yake na waliomo ndani!"

Mama akalia. "Mwanangu, mimi ni wa kukimbia? Ng'oa, upeleke."

Pimbi akaacha ule wa miguu, akang'oa mitatu. Lakini kwanza akakata vikonyo, zile ncha changa za matawi. Chwe! Chwe! Chwe! Akavificha shavuni.

Mtemi naye alikuwa na mbangi wake, mrefu kupita nyumba, anautunzia sherehe ya mavuno. Aliyekuwa akiupanda kuutoa viwavi ni Pimbi. Akapanda. Akapasua tawi la Mtemi, akachomeka kikonyo cha mama, akafunga kwa ukambaa wa mgomba. Akapasua, akachomeka, akafunga. Ndiyo kubebesha huko: miguu ya huyu, kichwa cha yule. Mara chini, ti! ti! ti!

"Pimbi! Unafunga nini huko?"

"Tawi limeteguka, Mtemi."

"Lifunge vizuri. Likikauka, utakauka nalo."

Siku saba Pimbi hakupata usingizi. Vikonyo vikikauka, mama hana dawa. Vikishika, roho yake iko mkononi. Vikashika.

Kila asubuhi akawa anapanda kutoa viwavi, anashuka na majani shavuni. Mama akala, akalala, akacheka. Kicheko ndicho kilichomponza.

Ti! ti! ti! Mtemi huyo maweni, wanyama wote nyuma yake.

"Nani anacheka? Mbangi wa kucheka niliula mimi, na mizizi yake!" Akainamisha pua. Fnnn! "Nasikia ndimu hapa!" Akahesabu mashina. Moja. Akahesabu tena. Moja.

"Shina ni moja, Mtemi," Pimbi akasema.

"Usinichezee! Umebebesha! Kuanzia sasa sheria ni hii: shina moja, aina moja! Mwenye mbangi wa aina mbili, nyumba yake ikanyagwe, na atoke bondeni kabla jua halijazama!"

"Hata kama ni mkubwa?"

"Hata kama ni mkubwa!"

"Hata kama analia?"

"Hata kama analia!"

Wanyama wote wakasikia. Mtemi akakagua mbangi wa Pimbi jani kwa jani. Aina moja. Hasira zikampanda, akainua mguu juu ya mlango. Mama akafumba macho.

"Mtemi," Pimbi akasema, "ndimu inanukia kule."

Fnnn! Fnnn! Pua mbele, Mtemi nyuma, mpaka chini ya mbangi wake mwenyewe.

"Tazama juu, Mtemi."

"Kwa shingo ipi?"

"Lala chali."

Gubu! Mtemi akalala chali, akaona kileleni kwake kwa mara ya kwanza. Jani pana. Jani jembamba. Jani la zambarau. Na lile la ndimu. Aina nne kwenye shina moja.

Pimbi akawageukia wanyama.

"Mbangi huu ni wa nani?" Pimbi akauliza.

"Wa Mtemi!" wanyama wakaitikia.

Akalia. Akakumbushwa kwamba hata kama analia. Nyumba yake ikakanyagwa, na jua halijazama alikuwa ameshaingia majini. Hadi leo mchana kutwa hukaa humo, macho tu nje, akiangalia nani anahesabu.

"Kisa kimefika mlangoni!"
"Kipite!"
"Kikirudi?"
"Tumeshalala!"

Na fundisho lake: watoto, tiini sheria, na msipande bangi. Pimbi mwenyewe alisema hivyo, akiteremka, shavu limejaa. Nanyi wakubwa, msilale chali.